Sauti Kukatakata kwenye Hackintosh: Namna ya Kutafuta Chanzo

Sauti na muda

Kompyuta ya kuunganisha inayoendesha macOS, maarufu kwa jina la Hackintosh, hutoa sauti kwa njia ileile inayotumiwa na kompyuta ya Apple yenyewe. Programu ya muziki huandaa sampuli, huduma ya mfumo iitwayo coreaudiod huzichanganya na za programu nyingine, draiva huziweka kwenye bafa ndani ya kumbukumbu, na kadi ya sauti huzichota hapo kwa mwendo usiobadilika. Kwa muziki wa CD mwendo huo ni sampuli 44,100 kila sekunde. Kwa video, aghalabu 48,000. Kadi haisubiri. Bafa ya fremu 512 katika kiwango cha 48,000 huipa prosesa milisekunde 10.7 hivi kuijaza tena kabla haijakauka. Bafa ya fremu 128, inayopendwa na wanaorekodi kwa programu ya Logic Pro, huipa chini ya milisekunde 2.7. Prosesa ikichelewa, kadi hukuta pengo, na pengo hilo ndilo linalosikika kama mkato, mkwaruzo au kigugumizi.

Kukatakata, kwa hiyo, ni hitilafu ya muda. Sauti isiyotoka kabisa ni hitilafu ya njia. Wengi huzichanganya hizi mbili, na hapo ndipo siku nzima hupotea.

Mfano ulio wazi ni namba ya layout-id. AppleHDA, draiva ya Apple, inazifahamu chipu ambazo Apple ilizitumia kwenye bidhaa zake. Ubao mama wa kawaida huja na chipu ya Realtek, kama vile ALC887, ALC892 au ALC1220, na kila mtengenezaji wa ubao ameunganisha matundu yake apendavyo. AppleALC, nyongeza inayofanya kazi ikishirikiana na nyongeza nyingine iitwayo Lilu, huipa AppleHDA ramani ya chipu hizo, na layout-id huchagua ramani ipi itumike: tundu hili ni la hedifoni, lile ni la maikrofoni, hili la spika za nyuma. Ramani isiyofaa huacha tundu likiwa bubu au maikrofoni ikiwa imekufa. Saa haiigusi. Anayejaribu namba moja baada ya nyingine ilhali sauti inatoka, ila inakatakata, anachimba mahali pasipo na kitu.

Vighairi, pale draiva yenyewe inapolaumiwa, ni vichache. Kompyuta inayotumia VoodooHDA, draiva ya zamani inayojulikana kwa mikwaruzo, ihamishiwe AppleALC kabla ya jambo lingine lolote. Pia AppleHDA hufanya kazi sawasawa pale tu rejesta ya TCSEL ya kidhibiti cha sauti inapowekwa kwenye daraja la TC0, na BIOS nyingine haziiachi hapo. OpenCore, programu ya kuwashia mfumo iliyotolewa na kundi la Acidanthera, ina mpangilio wa kurekebisha hilo uitwao ResetTrafficClass katika sehemu ya sauti ya faili ya config.plist.

Ikumbukwe kwamba leseni ya macOS huruhusu mfumo huo kuwekwa kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple tu. Psystar, kampuni ya Florida iliyokuwa ikiuza kompyuta za aina hii, ilishindwa na Apple mahakamani mwaka 2009. Mwenye Hackintosh basi hana dawati la huduma la kupigia simu. Uchunguzi wote ni wake.

Maswali kabla ya kubadilisha chochote

Swali la kwanza ni kama faili iliyo kwenye diski inakatakata sawa na muziki unaotoka kwenye intaneti. Ikiwa ni intaneti peke yake, tatizo ni mtandao au draiva ya mtandao, na mada hii haihusiki. La pili ni kama kosa liko kwenye tundu moja au yote: tundu la nyuma la ubao mama, HDMI, USB, Bluetooth. Kwa majaribio haya mawili tu nusu ya vyanzo huondolewa. La tatu ni wakati: je, kosa huanza kompyuta ikiamshwa kutoka usingizini? Je, huja dirisha linapoburutwa? Je, hurudi kila baada ya dakika zilezile? Jibu la kila moja kati ya haya huelekeza mahali tofauti kabisa.

Kisha kompyuta iwashwe kwa Linux kutoka kwenye flashi. Ikikatakata na huko, lawama ni ya BIOS, kebo au kifaa chenyewe, wala hakuna faili ya macOS itakayoiponya. Isipokatakata, ifunguliwe programu ya Console ya macOS muziki ukiwa unaendelea. Ujumbe wa huduma ya sauti wenye maneno "skipping cycle due to overload" ni ungamo la mfumo wenyewe kwamba prosesa ilikosa zamu yake.

Makosa ya programu huondolewa kwa urahisi zaidi, hivyo yatangulie. Katika Audio MIDI Setup kiwango cha sampuli kilingane na kile cha kazi inayofanyika. Huduma ya coreaudiod izimwe kutoka Activity Monitor. Mfumo utaiwasha tena wenyewe, na sauti ikitulia hapo, huenda draiva si mkosaji. Folda ya /Library/Audio/Plug-Ins/HAL huhifadhi vifaa vya sauti vya kubuni vinavyoachwa na programu za mikutano ya video hata baada ya kufutwa; visivyotumika viondolewe. Programu za kuonyesha joto na kasi ya feni nazo zizimwe kwa muda wa jaribio, kwani zile zinazosoma vihisi mara kwa mara huweza kuikatiza prosesa katikati ya zamu ya sauti.

Kosa likiwa kwenye tundu moja

Kwenye USB, sauti husafirishwa kwa pakiti zisizorudiwa. Kifaa cha kasi kamili (full speed) hupokea pakiti moja kila milisekunde. Kile cha kasi ya juu (high speed), kila mikrosekunde 125. Faili inayonakiliwa kwenda flashi ikipoteza pakiti, pakiti hutumwa upya na hakuna anayejua. Sauti haina fursa hiyo: iliyopotea imepotea, na sikio linasikia. Ndiyo maana habu dhaifu inayoipitisha kibodi bila shida hushindwa kuihudumia intafesi ya sauti.

Hackintosh ina kizuizi chake cha ziada. macOS hukubali matundu 15 kwa kila kidhibiti cha USB, na tundu la USB 3 huhesabiwa mara mbili, moja kwa kasi ya zamani na moja kwa kasi mpya. Ubao mama wa kisasa huvuka idadi hiyo kirahisi. Kutengeneza ramani ya matundu kwa zana ya USBToolBox au USBMap, kwa kubakiza yale yanayotumika kweli, ni kazi ya jioni moja ambayo haipaswi kurukwa. Baada ya hapo intafesi ichomekwe moja kwa moja kwenye ubao, mbali na kamera na diski za nje.

Si kila kosa la USB ni la Hackintosh. Mac zilizotoka mwaka 2018 zikiwa na chipu ya T2 zilikuwa na tatizo la sauti ya USB kukatika, na Apple ililishughulikia katika toleo la 10.14.4 la mwaka uliofuata.

Mkato unaorudi kwa vipindi vilevile una chanzo chake. Intafesi ya USB na kadi ya ndani kila moja ina saa yake ya fuwele, na saa mbili za bei nafuu hazilingani kamwe. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni, kwa sampuli 48,000, ni sampuli 2.4 kila sekunde. Akiba ya fremu 512 huisha baada ya dakika tatu na nusu hivi, kisha pengo, kisha hesabu huanza upya. Mtumiaji aliyeunganisha vifaa viwili kuwa kimoja ndani ya Audio MIDI Setup achague kimoja kiwe saa kuu, na kingine kiwekewe alama ya Drift Correction.

Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi nyingi, na vifaa vya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa hayo. Kusogeza antena mbali na diski ya nje mara nyingi hutosha. Sauti inayofifia na kuwa kama ya simu maikrofoni inapowashwa si hitilafu. Hedifoni zimehamia hali ya mazungumzo.

Kosa likiwa kila mahali

Matundu yote yakikatakata, wa kushukiwa kwanza ni saa za prosesa. Kila kiini cha prosesa ya Intel kina kihesabio kiitwacho TSC, na macOS huchukulia kwamba vihesabio vyote vinakubaliana, kwa sababu katika kompyuta za Apple vinakubaliana. Baadhi ya mbao mama, hasa za X99 na X299, pamoja na kompyuta mpakato kadhaa, huviacha vikitofautiana, ama tangu kuwashwa ama baada ya kuamshwa. Mfumo mzima hupoteza mwelekeo wa wakati: kishale kinaruka, madirisha yanajikokota, video na sauti vinakwama pamoja. Anayeisikiliza sauti peke yake huenda asiutambue ugonjwa huu. BIOS mpya huweza kuuondoa; isipofanya hivyo, nyongeza ya CpuTscSync hulinganisha vihesabio, na hufanya hivyo pia kompyuta inapoamka. Nyongeza ya TSCAdjustReset hufanya kazi hiyohiyo, ila katika Info.plist yake lazima iandikwe idadi ya nyuzi za prosesa ukitoa moja: prosesa ya nyuzi 16 huandikiwa 15.

Mgongano wa namba za IRQ (maombi ya kuikatiza prosesa) kati ya kipima muda cha HPET na kidhibiti cha sauti, unaorekebishwa kwa zana ya SSDTTime, ni wa mbao za zamani na huleta ukimya kuliko mkato.

Kasi ya prosesa ndiyo inayofuata. Usimamizi wa nguvu usipowashwa, au SMBIOS (modeli ya Mac ambayo kompyuta hujitambulisha nayo) iliyochaguliwa ikiwa ya Mac yenye prosesa tofauti, kasi hung'ang'ania chini au huchelewa kupanda. Kizazi cha Coffee Lake hupewa iMac19,1. Comet Lake, iMac20,1. Kadi ya picha isiyo na draiva huleta matokeo hayohayo kwa mlango mwingine: kazi ya kuchora madirisha huiangukia prosesa, na kuburuta dirisha hukata muziki. Hii ndiyo hali ya kadi za Nvidia za vizazi vya Maxwell na Pascal katika kila toleo la macOS baada ya High Sierra. Kuendelea kuhangaika na draiva ya sauti kwenye kompyuta ya namna hiyo ni kupoteza muda. Kadi ya Radeon inayokubalika ndiyo tiba.

Marekebisho yote haya yafanywe moja baada ya jingine, nakala ya folda ya EFI (yenye OpenCore na mipangilio yake) inayofanya kazi ikiwa imehifadhiwa kwenye flashi inayoweza kuwasha kompyuta. Marekebisho matatu kwa mpigo yakifaulu, hakuna ajuaye lipi lililofaulu.

Kwa wanaoendelea hadi macOS Tahoe ya mwaka 2025, toleo la mwisho kwa prosesa za Intel, hali imebadilika: Apple imeiondoa AppleHDA, na AppleALC haina tena draiva ya kuisaidia. Aliye huko atairudisha AppleHDA kwa kuutia mfumo kiraka, ataivumilia VoodooHDA na mikwaruzo yake, au atahamia intafesi ya USB, ambayo haihitaji ramani wala layout-id, mradi matundu ya USB yamepangwa vizuri.