BUNDUKI NA MIIKO YAKE
Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na watu wa mji



Vijana wa kambi wananiuliza: "Karani, kama waasi wakifika, tushike bunduki ao tukae tu?" Nitajibu kwa habari ya Padiri Bulenda, mtu wa Bunyakiri, katika Kivu ya Kusini.

Tarehe 2 Agosti 1998 uasi wa RCD ulianza, Rwanda ikiusaidia. Bukavu na Goma zilishikwa upesi. Mwezi ule ule, kule Kasika, watu wengi waliuawa, na mwami wao pamoja nao. Basi vijana wa vijiji waliingia msituni. Huko Bunyakiri Padiri akawa mkubwa wao. Waliitwa Mai-Mai, kwa sababu ya maji ya dawa. Dawa ile ilikuwa na miiko: usiibe, usimguse mwanamke. Anayeivunja, dawa humwacha.

Waasi walitawala miji, lakini msitu uliwashinda. Nanyi wachimbaji mjue vita ile ilikula nini. Novemba 2000 RCD iliipa kampuni moja tu, SOMIGL, ruhusa ya kuuza koltani ya nchi waliyoshika, ili wapate kodi. Jasho la mchimbaji likanunua risasi.

Lakini tusidanganyane. Mai-Mai wengi walisahau miiko. Walitoza watu njiani, wakachukua mbuzi na mihogo. Mama wa kijiji alilipa mchana kwa mwasi, usiku akalipa kwa mlinzi wake. Mtoto wake alijuaje nani adui?

Desemba 2002, mapatano yalifanywa Pretoria, na Mai-Mai walitia sahihi pamoja na wengine. Mwaka 2003 Padiri aliingia katika jeshi la taifa, akiwa jenerali. Mimi namsifu kwa kupigana. Namsifu zaidi kwa kutoka msituni. Wengine walibaki huko, na bunduki ikawa shamba lao: wanavuna kwa watu wale wale waliosema wanawalinda.

Basi, vijana, jibu langu ni hili. Kulinda nchi si kosa. Lakini mtu akija kuwaandika, mwulizeni kwanza: Tutakula kwa nani? Nani atatuhukumu tukikosa? Siku gani tutarudi nyumbani? Asipoweza kujibu, huyo anatafuta watumishi, hatafuti walinzi.

Uhuru na umoja!