Shule ya Urubani: Bei Yake na Mahali Pake
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwezi wa Chama)



Halmashauri imenipa heshima nisiyoistahili kwa kunitaka niseme mbele yenu juu ya gharama za kumfundisha kijana kazi ya urubani, na mahali panapofaa apelekwe. Mimi si rubani. Ni karani kama ninyi, na ndege niijuayo zaidi ni ile ipitayo juu ya paa la ofisi yetu asubuhi. Lakini kazi yetu sisi makarani ni kujumlisha, na jambo hili nimelazimika kulijumlisha kwa ajili ya nyumba yangu mwenyewe. Basi nitawaeleza niliyoyaona, nanyi mtayapima.

Mwana wa marehemu kaka yangu alipomaliza Kidato cha Sita alifaulu vizuri katika hesabu na fizikia. Alipoulizwa anataka kazi gani, alijibu urubani, wala hakuwa na jibu la pili. Ukoo ukakutana. Wazee wakasema liuzwe shamba alilotuachia baba yetu, ekari tatu za kahawa na migomba, na kilichopungua kikopwe, ili kijana apelekwe Uingereza. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja kulipima kwa hatua zake. Nami, kwa kuwa ndiye mshika kalamu wa ukoo, nikapewa kazi ya kuandika barua na kukusanya hesabu. Nikaomba miezi mitatu.

Kwanza, Mabwana, yatupasa kujua ni kitu gani kinachouzwa. Njia za kuufikia urubani wa ndege za abiria ni mbili. Ya kwanza ni mafunzo ya mfululizo. Kijana huingia shuleni hajui hata kuwasha injini, akasoma kutwa bila kazi nyingine, na baada ya muda wa mwaka mmoja na nusu au miaka miwili hutoka na leseni ya biashara, idhini ya kuruka kwa kutazama vyombo peke yake, idhini ya ndege za injini mbili, na mitihani ya leseni kubwa akiwa ameishinda. Njia ya pili ni ya hatua kwa hatua. Hupata leseni ya binafsi kwanza, akakusanya saa za kuruka, akafanya mitihani, akaendelea na leseni ya biashara, na kila hatua huilipia peke yake, hata mahali mbalimbali akitaka.

Mataifa mengi ya dunia hufuata kanuni zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kwa kanuni hizo leseni ya biashara hutaka saa 200 za kuruka, lakini aliyesoma kwa mfululizo katika shule iliyokubaliwa huruhusiwa kwa saa 150. Leseni kubwa, yaani ya mwenye kuamuru ndege kubwa ya abiria, hutaka saa 1,500. Basi mtu asidanganyike. Kijana atokaye shuleni, kwa njia yoyote ya hizo mbili, hajawa nahodha. Ni mwenye kutafuta nafasi ya rubani msaidizi, na nafasi hiyo shule haimwahidi.

Mafunzo ya mfululizo yana sifa zake, nami sitaki kuzificha. Yana utaratibu, mwanafunzi hasahau la jana kwa kungojea fedha ya kesho, na yako mashirika ya ndege yanayopendelea kuchukua wanafunzi wa namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba fedha hutakiwa nyingi na kwa muda mfupi, na kijana akiugua au akishindwa katikati, ni vigumu kurudi nyuma. Njia ya hatua humruhusu mtu kusimama apumue. Lakini nayo ina hatari yake: wengi husimama kupumua wasiondoke tena.

Sasa nije katika bei. Huko Uingereza mafunzo ya mfululizo hugharimu kiasi cha pauni 80,000 hata kupita 100,000. Pauni 100,000 kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi 300,000,000. Nilipoigawa hesabu hiyo kwa mshahara wangu, nikaona ni kazi yangu ya zaidi ya miaka 30, nisile, nisivae, wala nisilipe nauli. Nilinyamaza kwa muda, kisha nikajumlisha tena, nikidhani nimekosea sifuri.

Tena hiyo si bei yote. Nilijifunza kuuliza yaliyoachwa nje ya karatasi. Je, malazi na chakula vimo? Ada za mitihani na za kupimwa afya zimo? Mwanafunzi akihitaji saa za kuongeza kabla ya kufaulu, nani hulipa? Na leseni ikiisha kupatikana, bado ndege kubwa kila aina hutaka idhini yake mbali, kama Boeing 737 au Airbus A320, nayo huweza kugharimu pauni 20,000 hata 30,000 kama shirika halimlipii. Mwisho kuna jambo ambalo hakuna shule iliyoliandika: ada ni kwa pauni au dola, na shamba letu huuzwa kwa shilingi. Shilingi ikishuka katikati ya masomo, deni hupanda ingawa hakuna aliyeongeza bei.

Katika habari ya mahali, watu wengi hutazama umaarufu wa nchi. Mimi naona yafaa kutazama mambo mawili, yaani hali ya hewa na leseni.

Hali ya hewa ni fedha. Siku ya mawingu mazito mwanafunzi hukaa chini, lakini kodi ya chumba haikai. Ndiyo sababu shule za Uingereza zenyewe zimekuwa zikiwapeleka wanafunzi wao kurukia Arizona huko Marekani, au Hispania, au New Zealand, ambako anga hufunguka siku nyingi zaidi. Basi mtu aweza kulipa bei ya Uingereza akajifunza kuruka jangwani.

Leseni ni jambo kubwa zaidi. Leseni ya rubani ni mali ya dola iliyoitoa. Mwenye leseni ya nchi moja akitaka kuongoza ndege za nchi nyingine huenda akatakiwa mitihani na majaribio mapya. Tangu tarehe 1 Januari 2021 leseni ya Uingereza si tena leseni ya Umoja wa Ulaya, na kijana aliyepata moja hana nyingine. Mwenye leseni ya nchi za nje akiitaka ile ya Ulaya hurudia mitihani yote ya masomo 13. Marekani nako, ambako ada ya safari nzima ya mafunzo hufika kiasi cha dola 100,000, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013 hutaka hata rubani msaidizi wa shirika la ndege awe na saa 1,500, isipokuwa wachache waliopunguziwa kwa ajili ya masomo yao au utumishi wa jeshini. Mwenyeji huzipata saa hizo kwa kufundisha wengine kwa miaka kadhaa. Mgeni aliyeingia kwa ruhusa ya mwanafunzi hana haki ya kukaa na kufanya kazi kama mwenyeji.

Afrika ya Kusini ina shule za mfululizo, kama ile ya Port Alfred ufukoni mwa bahari, na bei zake hupungua sana chini ya zile za Uingereza. Na kwetu Afrika ya Mashariki tusijidharau. Kiwanja cha Wilson huko Nairobi kimejaa shule za urubani, nacho kiko futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari. Hewa hapo ni nyepesi, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na mwanafunzi hujifunza mapema kuheshimu joto na uzito. Huko Soroti, Uganda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha shule ya urubani mwaka 1971 kwa ajili ya vijana wa nchi zetu tatu. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, na shule ikabaki mikononi mwa Uganda. Waliotutangulia waliona kwamba mzigo huu mtu mmoja hauwezi, wakaubeba kwa pamoja. Hata Uingereza, nchi ya matajiri, mwaka 2023 shirika la British Airways lilianza mpango wa kuwalipia vijana waliochaguliwa gharama zote za mafunzo, hata kiasi cha pauni 100,000 kwa kila mmoja. Kama watu wa huko wamekiri kwamba mtoto wa mtu wa kawaida hawezi kulipa, sisi tuone haya ya nini?

Nilipokuwa katikati ya hesabu hizo, shule moja ya ng'ambo ilituandikia barua ya adabu sana: tukilipa ada yote kabla ya mwisho wa mwezi, tungepunguziwa sehemu yake. Wazee walifurahi. Mimi nikawasomea habari za shule moja ya urubani huko Dundee, Uskoti, iliyofungwa kwa kufilisika mwaka 2023. Shule ikifilisika, aliyelipa mbele hubaki na risiti mkononi. Shemeji yangu, mama wa kijana, ambaye hakuwa amesema neno katika vikao vyote, akauliza, "Na shamba likiisha kuuzwa, risiti hiyo itapandwa wapi?" Hapana aliyemjibu.

Basi tukakata shauri hivi. Shamba halikuuzwa. Kwanza kijana alikwenda kupimwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa kuwa asiyekuwa nacho hata akilipa mamilioni hatapewa kazi. Alifaulu. Kisha tukaenda ofisi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuuliza ni shule zipi zimekubaliwa, na leseni ya wapi hupokewa kwa taabu gani. Sasa ameanza leseni ya binafsi hapa hapa nchini, kwa fedha ya kahawa, na akiba yangu, na michango ya ukoo. Kila hatua italipiwa itakapofika, na kila mwaka ataomba nafasi kwa mashirika na serikali zinazodhamini vijana. Akipata mdhamini wa mafunzo ya mfululizo, atakwenda na baraka zetu.

Hayupo aliyeridhika kabisa. Kijana aliniambia, "Baba mdogo, wenzangu watanitangulia." Nikamwambia kweli, watakutangulia. Huenda nimemchelewesha miaka mitatu au minne, na katika kazi ya ndege aliyetangulia kuajiriwa hubaki mbele. Jambo hilo hunisumbua usiku, wala sitalificha mbele yenu. Lakini kijana huyu ana wadogo wanne, na shamba lile ndilo linalowalisha. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mabwana na Mabibi, mwenye mtoto atakaye njia hii namwachia maneno haya. Apimwe afya kabla ya kulipa ada yoyote. Uliza atafanya kazi nchi gani, kisha tafuta leseni ya nchi hiyo, wala si kinyume chake. Andika bei yote mpaka siku ya kuajiriwa, si mpaka siku ya kutoka shuleni. Usilipe kwa mkupuo mmoja. Na mali inayolisha nyumba nzima usiiweke katika kiti cha mtu mmoja, ingawa umpende namna gani. Nami naomba Halmashauri ifikirie kuiandikia Serikali, ili nafasi za udhamini wa urubani zitangazwe mapema na wazi, hata mtoto wa karani wa wilayani azisikie.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu nimelifungua mbele yenu.