Minyoo ya Ini: Tusirudie Dawa ya Zamani
Maneno ya mazungumzo na wafugaji wa Laela



Minyoo bapa ya ini tunaijua. Ng'ombe hulishwa mabondeni penye majimaji na konokono, kisha hukonda na kuvimba chini ya taya. Akichinjwa, ini hutupwa. Mtu akiona hasara hiyo hushawishika kununua dawa yoyote. Leo nawaonya juu ya moja: kaboni tetrakloridi.

Mwaka 1921, Maurice Hall wa Marekani alionyesha kuwa inaua minyoo ya safura. Baadaye kondoo wenye minyoo ya ini walinyweshwa. Minyoo ilikufa, lakini ini nalo liliumia, na ng'ombe huidhurika kuliko kondoo. Ilitumika pia kuondoa grisi na kuzimia moto.

Ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamu. Lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.6, hivyo huzama majini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutanda chini, wanapolala watoto. Hupenya hata ngozini. Haiwaki, lakini kwenye moto mkali hutoa fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

Aliyeivuta au kuinywa huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kutapika. Kisha hupata nafuu. Msidanganyike! Siku chache baadaye macho huwa ya manjano na mkojo hupungua. Pombe huzidisha madhara. Na sikilizeni hili: msimpe maziwa wala samli, maana mafuta huisaidia sumu hii kuingia mwilini. Msimtapishe. Mtoeni penye hewa, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mkimbizeni hospitali hata kama anasema amepona.

Mkikuta chupa au dumu la zamani lisilo na lebo, msilifungue, msilinuse, msilimwage mtoni. Watoto wakae mbali. Mwiteni afisa mifugo. Dumu la kemikali halichotewi maji wala halikamuliwi maziwa, hata likioshwa mara kumi.

Kwa minyoo ya ini zipo dawa salama zaidi. Albendazoli huua minyoo iliyokomaa. Triklabendazoli huua hata michanga. Pimeni dozi kwa uzito wa mnyama, na msiuze maziwa wala nyama kabla siku zilizoandikwa kwenye lebo hazijaisha.

Ng'ombe hununuliwa tena. Mtoto hanunuliwi.