Zebaki, Mwanga Mkali na Maji ya Mara



Mada yangu ni mwitiko usiofuata mstari wa kompleksi za metali katika mmumunyo. Nitaeleza kinachotokea mwanga mkali unapopita katika kimiminika chenye metali iliyoshikwa na molekuli nyingine. Nimeichagua mada hii kwa sababu ya zebaki.

Hapa mkoani Mara, huko Buhemba na Kiabakari wilayani Butiama, na Kinyambwiga wilayani Bunda, mawe yenye dhahabu husagwa kwa karasha, mchanga ukaoshwa, kisha dhahabu ikanaswa kwa zebaki na kuchomwa. Sehemu ya zebaki hupanda hewani, na mchomaji ndiye wa kwanza kuivuta. Sehemu nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliooshwa, na mvua huyasukuma hadi mitoni na ziwani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unatutaka tupunguze zebaki katika uchimbaji mdogo na kuikomesha pale inapowezekana. Bila kupima, hatutajua kama tunapunguza.

Kipimo kimoja cha siku nyingi hutumia ditizoni, kemikali aliyoitengeneza Emil Fischer mwaka 1878. Ikiyeyushwa katika kloroformu huwa ya kijani. Itikise pamoja na maji yaliyotiwa asidi na yenye zebaki: molekuli mbili za ditizoni huishika ioni moja ya zebaki, na kijani hugeuka rangi ya chungwa. Kompleksi hiyo hunyonya sana mwanga wa takriban nanomita 490. Katika mwanga hafifu, zebaki ikiongezeka maradufu, unyonyaji nao huongezeka maradufu. Huo ndio mstari tunaoutegemea.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni kwa kila lita ya maji ya kunywa. Kompleksi inayotokana na kiasi hicho, ikibaki katika ujazo uleule na kupimwa katika chombo cha kioo chenye upana wa sentimita 1, hupunguza mwanga kwa karibu nusu ya asilimia moja tu. Ndiyo maana mkemia huikusanya zebaki ya maji mengi katika kloroformu kidogo kabla ya kupima.

Fizikia ina msaada wake. Mwale wa leza ukipita katikati ya mmumunyo, kompleksi huunyonya na kupasha joto kimiminika kinachouzunguka. Sehemu yenye joto hupinda mwanga kwa kiwango tofauti na pembeni, na kimiminika chenyewe kinakuwa lenzi inayoutawanya mwale. Tukipima mtawanyiko huo tunajua kiasi kilichonyonywa. Njia hii, iliyojulikana tangu miaka ya 1960, hunasa unyonyaji mdogo sana kuliko ule unaoonekana kwa spektrofotomita ya kawaida.

Lakini mwanga mkali una sharti lake. Chukua kompleksi ileile ya zebaki katika toluini kavu, uiangazie kwa nguvu. Rangi ya chungwa hugeuka bluu. Iweke gizani, itarudi chungwa. Molekuli imejigeuza umbo, na umbo la bluu halinyonyi mwanga wa nanomita 490 kama lile la kwanza. Mpimaji asiyelijua hili ataongeza nguvu ya leza akidhani anaongeza usahihi, kumbe kipimo kinashuka na maji yenye sumu yanasomeka kuwa salama.

Hapa ndipo nadharia ya mwitiko usiofuata mstari inapokuwa na kazi, kwa kuwa inaeleza jinsi mwanga mkali unavyonyonywa tofauti na ule hafifu. Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alionyesha kwa hesabu kwamba atomi inaweza kunyonya fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, kwa pamoja. Uthibitisho ulisubiri leza, ukapatikana mwaka 1961. Mwaka huohuo Peter Franken na wenzake huko Michigan walipitisha leza nyekundu ya nanomita 694 katika kwatzi, wakapata mwanga wa nanomita 347. Katika mmumunyo, molekuli zimeelekea kila upande, kwa hiyo michango ya kugeuza mwanga kama katika kwatzi, yaani ya daraja la pili, hufutana. Kinachobaki hasa ni mwitiko wa daraja la tatu: unyonyaji na upindaji wa mwanga hubadilika kadiri ukali wake unavyobadilika. Kompleksi nyingi za metali huuonyesha vizuri, kwa kuwa elektroni zake huhama kwa urahisi kati ya metali na ligandi, yaani molekuli zinazoishika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mansoor Sheik-Bahae na wenzake walionyesha jinsi ya kuupima mwitiko huo kwa vifaa vichache: leza, lenzi, sampuli inayosogezwa mbele na nyuma ya fokasi ya lenzi, mahali mwale unapokusanyika, tundu dogo na kihisi mwanga. Lakini leza isiyokatika, yaani inayowaka mfululizo, itatupa zaidi athari ya joto, na hilo lazima litajwe katika kila ripoti.

Ombi langu ni kwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama: wekeni meza ya vipimo ya namna hiyo. Wafundisheni vijana wa Musoma, Bunda na Butiama kupima kwanza kwa mwanga hafifu, kisha kuongeza nguvu hatua kwa hatua, na kukataa jibu lolote la kiasi cha zebaki linalobadilika pamoja na nguvu ya leza. Kloroformu ishughulikiwe penye mfumo wa kufyonza hewa, na mabaki ya zebaki yakusanywe, yasimwagwe kwenye sinki. Mchimbaji na mvuvi wa mkoa huu wanastahili kuambiwa kipimo cha kweli cha maji yao, na wa kuwaambia ni sisi.