Kupata Mimba kwa Wenye Maradhi ya Uzazi: Hali Ilivyo Paje na Kusini Unguja

Ugumba kwa hesabu ya madaktari huanza pale mke na mume wanapotimiza miezi 12 wakikutana mara kwa mara bila kinga na mimba isiingie. Mwanamke aliyepindukia miaka 35 hasubiri mwaka. Miezi 6 inamtosha kwenda kupimwa, kwa sababu akiba ya mayai hupungua haraka kuanzia umri huo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu 1 katika kila 6 hupatwa na hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, na penye uzazi wa namna hiyo kliniki huzoea zaidi kumhudumia anayetaka kupumzika kuzaa kuliko anayetafuta mtoto.

Mtaani hukumu hutoka mapema. Anayekosa mtoto huitwa tasa au mgumba, na neno likishatoka halirudi. Kumbe wengi wanaoitwa hivyo wana maradhi yanayochelewesha mimba tu, na maradhi hayo yana vipimo na mengi yana tiba. Yuko pia asiyepewa jina lolote: aliyezaa mtoto mmoja, kisha miaka saba ikapita kimya. Kitabibu huyo ana ugumba wa pili, ambao Afrika kusini ya Sahara ndio ulioenea zaidi kuliko ule wa kutozaa kabisa.

Hesabu iliyo tayari

Kipimo cha kwanza cha uzazi hakina gharama, nacho ni kujua siku za hedhi. Kliniki nyingi huuliza, "Mzunguko wako ukoje?" na mwanamke hujibu, "Kawaida tu," mambo yakaishia hapo. Paje swali hilo linaweza kuulizwa vizuri zaidi, maana wanawake wa huko wanaishi kwa hesabu ya mwezi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo mkulima wa mwani hushuka pwani wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali akayafikia mashamba yake. Hedhi iliyoingia bamvua la mwezi mchanga mwezi uliopita inatarajiwa iingie karibu na bamvua kama hilo mwezi huu. Ikikosa, mwenyewe anajua, hata kama hakuandika popote.

Kuna daftari la pili, nalo ni sala na saumu. Waislamu wa Unguja wengi hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo yameweka mipaka: hedhi isipungue mchana na usiku mmoja, aghalabu iwe siku 6 au 7, isizidi 15, na twahara baina ya hedhi mbili isipungue siku 15. Damu inayopita siku 15 ni ya istihadha, si hedhi. Mwanamke aliyefunzwa haya tangu chuoni anaijua damu yake kwa siku na saa. Kwa hiyo swali, "Ramadhani iliyopita ulilipa siku ngapi?" humpa mtabibu zaidi ya fomu nzima. Mwenye mzunguko wa siku 28 hawezi kuimaliza Ramadhani bila ya kula hata siku moja kwa sababu ya hedhi. Ramadhani moja huweza kumpita mwenye mzunguko mrefu kidogo kwa bahati. Lakini aliyefunga Ramadhani tatu mfululizo bila ya deni, na hakuwa mjamzito wala hanyonyeshi, amekwisha kusema kuwa ovari zake hazipevushi yai kila mwezi. Naye anayesema damu yake hupita siku 15 mara kwa mara ametoa dalili nyingine, ya uvimbe wa kizazi au ya yai lisilopevuka.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha siku za kushika mimba. Yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi ijayo, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuhesabu 14 kuanzia hedhi iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 35 hutoa yai karibu na siku ya 21. Mbegu za mume huishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke, yai haliishi zaidi ya siku moja, kwa hiyo dirisha lote ni siku 6 zinazoishia siku yai linapotoka. Mume akiwa mvuvi aliyekwenda dago kwa wiki kadhaa, au anafanya kazi hoteli ya Nungwi na kurudi mara moja kwa mwezi, dirisha hilo huweza kupita mwaka mzima bila ya kuguswa. Watu kama hao hawajawa wagumba. Ile miezi 12 yao haijaanza kuhesabiwa.

Kulifumua chango

Maumivu ya tumbo la hedhi, mimba kuharibika na mimba kutoingia, yote hayo pwani huwekwa chini ya neno moja: chango. Tiba zake ni dawa za miti, kukandwa tumbo na mkunga, na pale inapodhaniwa kuwa kuna jini mahaba, kisomo. Mtabibu anayelicheka neno hili hupoteza mgonjwa. Anayelifumua hukuta ndani yake maradhi matatu au manne yasiyofanana.

Chango linaloanza siku moja mbili kabla ya damu, likazidi mwaka hata mwaka, likauma pia wakati wa tendo la ndoa na wakati wa kwenda haja kubwa, linafanana na endometriosisi. Hapo nyama inayofanana na utando wa ndani ya kizazi huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi au juu ya utumbo, na kila mwezi hutoa damu isiyo na pa kutokea. Makovu yake hugandisha ovari na mirija. Huwapata karibu wanawake 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka kabla ya kuambiwa wana nini, kwa sababu msichana hufundishwa kuwa hedhi ndivyo ilivyo. Altrasaundi huonyesha uvimbe wa damu iliyozeeka ndani ya ovari, lakini vidonda vidogo huonekana kwa laparoskopi tu. Jambo moja huwachanganya wengi: vidonge vya homoni vinavyotuliza maumivu haya huzuia pia mimba. Anayetafuta mtoto havitumii kwa kutarajia mimba. Njia yake ni kuondolewa makovu kwa upasuaji, au kusaidiwa kutunga mimba.

Chango lenye homa, uchafu wenye harufu na maumivu chini ya kitovu kwa kawaida ni maambukizi. Kisonono na klamidia hupanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija na kuiacha na makovu. Klamidia hufanya hivyo mara nyingi bila ya dalili yoyote. Maambukizi baada ya kuzaa au baada ya mimba kutoka huleta matokeo yale yale, na hiki ni chanzo kikubwa cha ule ugumba wa pili. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1980 katika nchi nyingi uliikuta Afrika ikiongoza kwa mirija iliyoharibiwa na maambukizi. Kipimo chake ni picha ya eksirei inayopigwa huku dawa ikipitishwa kwenye kizazi, baada ya hedhi kukauka na kabla ya yai kutoka. Kumtibu mke peke yake, mume akaachwa na vijidudu vyake, ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Kichocho nacho kinastahili kutajwa. Kusini mashariki ya Unguja ni uwanda wa mawe usio na mito wala madimbwi ya kudumu, kwa hiyo konokono anayebeba kichocho hana makaazi Paje. Lakini mwanamke aliyeolewa Paje huenda amekulia Chaani, Kinyasini au Pemba, akioga na kufua mtoni. Mayai ya kichocho hukwama kwenye shingo ya kizazi na hata kwenye mirija, na vidonda vyake hudhaniwa kuwa ni vya maradhi ya zinaa, mwanamke akaingia katika tuhuma asizostahili.

Chango linalokuja na damu nyingi ya mabonge na tumbo zito mara nyingi ni faibroidi. Si kila faibroidi huzuia mimba. Ile iliyochomoza ndani ya ukumbi wa kizazi ndiyo yenye madhara makubwa, hata ikiwa ndogo, na ile iliyoning'inia nje huweza kuachwa hata ikiwa kubwa. Kizazi kilichogeuka, ambacho wakandaji hukilaumu sana, si maradhi: karibu mwanamke 1 katika 5 ana kizazi kilichoelekea nyuma, na hushika mimba kama wengine.

Yaliyobaki hayaumi, na kwa kuwa hayaumi hayaitwi chango, wala hayatafutiwi dawa. Ovari zenye vifuko vingi, hali ambayo siku hizi wengi huitaja kwa herufi zake PCOS, huwapata kati ya wanawake 6 na 13 katika kila 100. Dalili zake ni hedhi ya mara moja kwa miezi miwili au mitatu, chunusi, ndevu kidevuni na uzito wa tumboni. Jina lenyewe linapotosha, kwani vifuko hivyo ni mayai yaliyoanza kukua yakasimama njiani. Kinachoyasimamisha ni homoni zilizokosa mizani, mara nyingi pamoja na insulini isiyofanya kazi sawasawa. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, yai huweza kurudi kupevuka lenyewe. Si ushauri mwepesi pwani, ambako bibi harusi hulishwa anenepe na unene wake huhesabiwa kuwa ni sifa ya mumewe. Dawa inayotangulizwa sasa ni letrozoli, baada ya utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 kuonyesha kuwa huleta watoto wengi zaidi kuliko klomifeni iliyotumika kwa miongo mingi. Zote mbili hutolewa na daktari, kwa siku tano za mwanzo wa mzunguko, wala si za kununuliwa dukani kwa maelekezo ya jirani.

Kipimo cha mume

Karibu nusu ya ndoa zisizo na watoto zina tatizo upande wa mume, peke yake au pamoja na mke. Hata hivyo mke hupigwa picha, hutobolewa na huchomwa sindano kabla ya mume kutoa mbegu zake zipimwe. Ni kinyume cha utaratibu, maana kipimo chake ni cha bei ndogo na hakiumi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, chini ya mbegu milioni 16 kwa mililita moja, au chini ya asilimia 42 zinazojongea, ni dalili ya kuchunguza zaidi, na kipimo hurudiwa baada ya miezi 3 kwa sababu mbegu huchukua karibu muda huo kutengenezwa.

Mume hujizuia siku 2 hadi 7, na mbegu hufikishwa maabara ndani ya saa 1. Kutoka Paje hadi mjini ni kiasi cha kilomita 50, na daladala husimama kila kituo. Kikopo kilichotoka Paje asubuhi huweza kufika hospitali ya Mnazi Mmoja kikiwa na mbegu zilizopungua kujongea njiani, na mume asiye na ila akaambiwa anayo. Hana budi kwenda mwenyewe, na mkewe akifuatana naye basi tatizo la kisharia la mume kutoa mbegu pasipo mkewe nalo hupata njia. Busha, aliloachiwa mtu na maradhi ya matende, hukandamiza korodani na kuitia joto. Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende kwa watu wote mwaka 2001, ila dawa hizo haziondoi busha lililokwisha kujaa. Hilo hupasuliwa.

Pale dawa zinapokwama

Mirija iliyoziba pande zote mbili, au mbegu chache mno, hubakisha njia ya kutunga mimba maabara. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kampala ilipata wake mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006, na Dar es Salaam ziko kliniki za binafsi zinazoitoa huduma hiyo kwa mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja. Mrija uliojaa maji hukatwa au kufungwa kwanza, la sivyo maji hayo huharibu nafasi ya kiinitete kujishika. Kwa upande wa dini, fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 na Sheikh Gad al-Haq iliikubali njia hii kwa yai la mke na mbegu za mume ndoa ikiwa hai, na ikakataa yai au mbegu za mtu wa tatu. Msimamo huo ndio unaofuatwa na Waislamu wengi wa Kisunni.

Mimba ikiingia

Mwanamke aliyepata mimba akiwa na PCOS hupimwa sukari na shinikizo la damu mapema kuliko wengine. Mwenye faibroidi hufuatiliwa kwa altrasaundi. Vidonge vya foliki huanzwa kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku.

Aliyewahi kuumia mirija yuko katika hali ya peke yake. Desturi ya Unguja ni kuificha mimba changa isipatwe na jicho, na wengi huenda kliniki tumbo likiwa limekwisha kuonekana. Kwa mwenye kovu kwenye mrija, mimba huweza kukwama humo humo, na mrija huweza kupasuka kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Mimba yake inaweza kufichwa kwa jirani na wifi, lakini inahitaji altrasaundi katika wiki ya 6 au ya 7, kuthibitisha kuwa iko ndani ya kizazi. Hedhi ikichelewa, kisha yakaja maumivu ya upande mmoja wa tumbo, matone ya damu, kizunguzungu au maumivu ya bega, hiyo ni sababu ya kutafuta gari saa hiyo hiyo kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, iwe usiku au mchana.