Kupiga Picha Majengo Yaliyo Mbali

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Marikiti, Mombasa)

  

Vikundi vyetu vingi huomba msaada kwa picha. Mfadhili hajaona paa la zahanati yenu. Anaona karatasi tu. Picha ikiwa mbaya, ombi linakaa chini ya mengine. Picha ikidanganya ni hatari zaidi, nitafika hapo.

Mkitoka hapa Marikiti mkaingia Mji wa Kale, mtaiona shida yenyewe. Vichochoro ni vyembamba. Ukisimama chini ya nyumba ya ghorofa ukainua kamera juu, kuta zinaonekana kama zinaanguka nyuma. Dawa ni kurudi nyuma, na pale hakuna pa kurudi. Basi nenda mbali kabisa: vuka daraja la Nyali mpaka English Point, utazame ng'ambo ya maji. Utaiona Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na nyumba za pwani karibu nayo. Hapo lenzi ya kuvuta, tuseme ya milimita 200, inaleta roshani na nyufa karibu, na kuta zinasimama wima.

Lakini nenda asubuhi. Jua liko mgongoni mwako, linaangaza kuta. Jioni jua liko nyuma ya mji, utapata weusi mtupu. Tena mchana hewa ya joto juu ya mabati inachezacheza, na hakuna lenzi ya kuondoa hiyo.

Lenzi inayovuta nyumba huvuta pia mtetemeko wa mkono. Kwa milimita 200, kasi ya kamera isiwe chini ya 1/250. Laza kamera juu ya kifuko cha kunde, si mko Marikiti? Halafu tumia saa ya kamera, isiguswe wakati wa kupiga.

Wenye simu, sikieni. Ukivuta kwa vidole, simu nyingi hukata kipande cha katikati na kukikuza tu. Ufa hauongezeki kuonekana. Afadhali miguu ikusogeze.

Sasa ule udanganyifu. Ukisimama mbali ukavuta, vitu vinaonekana vimebanana. Choo kilicho mita 40 nyuma ya kisima kitaonekana kimegusana nacho. Mkaguzi akiona hivyo, mradi wa maji umekwama, na nyinyi mlichimba sawasawa! Kwa hiyo pigeni picha ya pili kutoka pembeni, na chini yake mwandike umbali kwa mita, uliopimwa kwa kamba. Mimi naona kikundi kinachotuma picha ya kuvuta peke yake kinajitafutia maswali.

Na adabu, akina mama na akina baba. Lenzi hii inaingia dirishani bila kupiga hodi. Mji wa Kale watu wanasitiri nyumba zao. Ombeni ruhusa kwanza, hata kama mko ng'ambo. Bandari, polisi na kambi za jeshi, msipige bila kibali.

Mwisho, unyevu wa huku pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi. Usiifungie kwenye mkoba wa ngozi miezi mitatu. Itoe, ifute chumvi kwa kitambaa laini, iweke penye hewa kavu. Haya, kamera ndiyo hii. Ipitisheni, kila mmoja ajaribu kuvuta lile paa kule.