Kuwa na Kitu na Kukijua Kitu

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanachama na wanafunzi.)



Katibu aliponiandikia barua kuniomba nizungumze leo, alitaka niseme juu ya mafanikio katika maisha. Nilimjibu kwamba mafanikio yangu ni machache na wengi wenu mnayajua, lakini ninalo kosa moja ambalo sijapata kulieleza hadharani, na nadhani lina faida zaidi. Akakubali. Kwa hiyo nitazungumza juu ya sanduku hili lililo mezani, ambalo vijana wawili walinisaidia kulitoa garini. Uzito wake ni kilo 19 hivi. Ni amplifaya ya gitaa, nayo ni ya valvu.

Wale tuliomaliza hapa mwaka 1978 tunaikumbuka bendi ya shule. Tulikuwa na magitaa mawili, ngoma, na amplifaya moja ya valvu. Jumamosi jioni ilipowashwa ilikawia kidogo kupata moto, na kwa nyuma tuliona vimulimuli vyake vya rangi ya machungwa. Mimi nilipiga gitaa la ridhimu, tena vibaya. Tulikatazwa kabisa kuifungua amplifaya ile, na katazo lilikuwa la haki, maana ndani yake mna umeme wa kuua. Lakini hatukuambiwa sababu, wala sisi hatukuuliza. Siku moja ikanyamaza. Ikapelekwa stoo, na haikutoka tena, na bendi ikafa pamoja nayo. Huenda ilitaka fyuzi tu.

Nilitoka hapa na cheti kizuri. Alama yangu ya fizikia mnaweza kuitazama katika vitabu vya ofisi. Nilifanya kazi, nikaoa, nikajenga, lakini hamu ya amplifaya ile haikuniisha. Mwaka 2009 ndugu yangu mmoja alikuwa anarudi kutoka Marekani, nikampa akiba yangu aniletee Fender Deluxe Reverb. Hii si ya zamani yenyewe. Ni ile inayoitwa ya mwaka 1965, ambayo kiwanda kilianza kuitengeneza upya mwaka 1993 kwa kufuata mfano wa zamani: wati 22, spika moja ya inchi 12, na valvu tisa.

Ilifika jioni. Nikaiweka sebuleni, watu wa nyumbani wakakusanyika. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, nilimpa gitaa alishike. Akazunguka nyuma ya amplifaya akasoma maandishi, kisha akasema, "Baba, hapa pameandikwa volti 120." Nikamjibu, "Hizo ni namba za kiwanda." Nikachomeka plagi kwenye umeme wetu wa volti 230.

Ikasema "pap!" ikanyamaza. Fyuzi ilikuwa imekatika. Ndugu zangu, hapo ndipo amplifaya iliponionya kwa lugha niliyofundishwa katika darasa lile pale, kidato cha pili. Fyuzi ni kipande cha waya kinachokubali kufa ili vingine vipone. Mimi nilifanya nini? Sikuwa na fyuzi nyingine, na wageni walikuwa wananitazama. Nikachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi iliyokatika, nikairudisha. Nikawasha.

Moshi ulitoka kabla sijainua mkono. Transfoma ya umeme iliungua, kapasita mbili zikapasuka, na nyumba ikanuka wiki nzima. Lakini si hayo yaliyoninyima usingizi. Nyuzi za gitaa huwa zimeunganishwa na bati la amplifaya kwa waya wa gitaa wenyewe. Soketi ile ya sebuleni ilikuwa haina waya wa ardhini. Kama umeme ungevuja kutoka katika transfoma ile na kuingia kwenye bati, njia yake ya kwenda ardhini ingekuwa mikono ya mtoto aliyenisomea namba nikakataa kusikia. Mungu alimwepusha. Elimu yangu haikumwepusha.

Nikaipeleka Kariakoo kwa mzee mmoja fundi redio. Alikuwa ameishia darasa la saba, na amejifunza kazi zamani, enzi za redio za valvu. Akaifungua, akaiona karatasi ya sigara, akaitoa kwa koleo ndogo na kuiweka mbele yangu juu ya meza. Hakunicheka. Akasema, "Mwanangu, nitaitengeneza, lakini sitaigusa wewe ukiwa nyumbani. Utakuja hapa kila Jumamosi, ukae, utazame." Nilikwenda Jumamosi sita. Nilikuwa na miaka arobaini na saba.

Sasa nitawaeleza alichonifundisha, kwa ufupi.

Alianza kwa kuniuliza: sauti hii kubwa inatoka wapi? Nikasema inatoka kwenye gitaa. Akasema hapana. Gitaa hutoa umeme mdogo mno, sehemu tu ya volti moja. Nguvu yote inatoka ukutani. Kazi ya gitaa ni kuiamuru. Fikirini koki ya maji. Mkono wa mtoto unatosha kuifungua na kuifunga, lakini maji yanayopita yanaweza kumwangusha mtu mzima. Valvu ni koki ya namna hiyo. Ni chupa iliyotolewa hewa yote. Ndani yake kuna kipande kinachopashwa moto mpaka kikaachilia elektroni. Kwa upande mwingine kuna bamba lenye volti nyingi linalozivuta. Na katikati kuna waya mwembamba ulio kama wavu, uitwao gridi. Umeme mdogo wa gitaa ukiingia kwenye gridi, ndio unaozizuia elektroni au kuziachia. Ule mng'ao wa machungwa tuliouona utotoni ndio huo moto.

Valvu ya kwanza, ya vipande viwili, ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Mmarekani Lee de Forest aliongeza ule waya wa kati mwaka 1906, na bila waya ule kusingekuwa na redio kama tulizozijua. Mwaka 1947 ilibuniwa transista, iliyo ndogo, isiyohitaji kupashwa moto, na ya bei rahisi, na taratibu ikaziondoa valvu katika redio zetu. Wapiga gitaa ndio waliogoma. Sababu yao ni hii: ukiisukuma valvu kupita uwezo wake, haikatai ghafla. Hubana sauti kidogo kidogo, ikaanza kukwaruza kama koo la mwimbaji aliyezama katika wimbo. Ukipiga polepole, sauti ni safi. Ukikaza mkono, inanguruma. Amplifaya inakuwa sehemu ya gitaa.

Kisha akanionyesha valvu zangu tisa moja moja. Moja hugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja. Sita ndogo hukuza sauti hatua kwa hatua, na baadhi yake huipitisha sauti katika springi zilizo chini ya sanduku, ndipo unaposikia mwangwi kama wa ukumbi mtupu. Mbili kubwa, za aina ya 6V6, hufanya kazi nzito ya mwisho, zikiwa na zaidi ya volti 400. Transfoma ya pili hushusha volti hizo ziifae spika.

Na akanipa masharti, ambayo nawapa ninyi vijana kama nilivyopewa.

La kwanza, soma maandishi ya nyuma kabla ya kushika plagi, na kama mtoto amekusomea, msikilize.

La pili, fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Ukibadilisha, weka ya kipimo kile kile. Fyuzi kubwa zaidi ni sawa na karatasi ya sigara.

La tatu, usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika yake. Nguvu ikikosa pa kwenda hurudi ndani na kuiunguza transfoma.

La nne, na hili ndilo linaloua mafundi: kuchomoa plagi si kuondoa umeme. Kapasita hutunza umeme kama mtungi unavyotunza maji, na zaweza kuwa na mamia ya volti baada ya swichi kuzimwa. Mzee yule alizimwaga kwanza kupitia rezista, kisha akapima kwa mita, kisha akapima tena. Mkono wake wa kushoto aliuweka mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Wala hakukubali nifungue sanduku nikiwa peke yangu.

La tano, valvu huchakaa kama tairi. Si aibu. Leo nyingi hutengenezwa Urusi, Slovakia na China, nazo zinapatikana. Ila ukibadilisha zile kubwa, hapana budi fundi apime mkondo wake upya.

Transfoma iliyoungua aliisuka upya kwa mkono wake, safari hii kwa volti 230. Nilipomlipa nilimwambia kwamba nimeona haya, mimi msomi kufundishwa na yeye. Akanijibu, "Wewe hesabu ulikuwa nazo. Hukuwa umezifungulia mlango tu."

Baadaye nilisoma habari za Leo Fender, aliyeianzisha kampuni hiyo. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California. Alikuwa fundi redio, kama yule mzee wa Kariakoo. Kupiga gitaa alikuwa hajui. Wanamuziki walimletea vyombo vilivyoharibika, akavifungua, akaona ni wapi vinapokufa, akatengeneza vilivyo bora. Hadi alipofariki mwaka 1991, magitaa na amplifaya za mikono yake zilikuwa zimeenea duniani. Yote yalianzia kwenye kufungua na kutazama.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani methali hiyo ni ya wenye maduka. Sasa najua kwamba kila chombo kina daftari lake, nalo ni ule ujuzi wa jinsi kinavyofanya kazi. Bendi yetu ya mwaka 1978 ilikuwa na mali, daftari haikuwa nalo. Nami mwaka 2009 nilikuwa nalo kichwani, sikulifunua.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Mzee yule alifariki miaka michache iliyopita, nami vidole vyangu sasa ni vizito. Mwanangu ni mtu mzima, fundi umeme mwenye leseni, na jana alikuja hapa akaipima soketi ya ukumbi huu. Ina waya wa ardhini. Kwa hiyo amplifaya hii haitarudi nami. Ninaiacha kwa bendi ya shule, pamoja na daftari hili nililoandika katika zile Jumamosi sita, lenye mchoro wake wote wa ndani na tarehe ya kila valvu iliyobadilishwa.

Nina ombi moja kwa Mkuu wa Shule. Isifungiwe stoo. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa muziki washike funguo pamoja, na kila mwaka wanafunzi wakae kuizunguka ikiwa imefunguliwa, imechomolewa, na kapasita zake zimemwagwa, waeleze kila kipande kinafanya nini. Atakayeweza kueleza ndiye awe wa kwanza kuipiga.

Na siku itakaponyamaza, kwa maana itanyamaza, anzeni na fyuzi.